X Kwenye Nguzo ya Thoya

Jumanne, 9 Disemba 2025

Thoya wangu anaoa! Mwalimu wa hesabu, shule kubwa ya Eldoret. Msichana ni Lynnette, wa Kakamega. Wazee wake wanakuja kuona boma letu kabla ya Krismasi. Hapa hapa Ziwa la Ng'ombe.

Nimewaza nitawaonyesha nini. Nyumba ni ile ile, vyumba viwili, mabati yamepauka. Lakini nina nguzo ya stima. Iko langoni tangu Thoya hajaanza shule. Ndani hatukuwa na umeme, ila nguzo ilikuwa na taa, na mwanangu alisoma chini yake mpaka kumbikumbi wakamjaa nyweleni. Marehemu Lewa, baba yake, kila Krismasi tukitoka kanisani alimsimamisha pale akakata alama ya kimo chake kwa panga. Alama zote zipo. Mama wengine huonyesha picha. Mimi nitaonyesha nguzo.

Jumatano, 10 Disemba

Msiba. Mafundi wa stima wamepita asubuhi, wamepiga X nyekundu kwenye nguzo yangu! Msimamizi wao, kijana aitwaye Anwar, alinipa shikamoo yake vizuri kisha akasema imeoza, itang'olewa, inakuja ya zege. Nikamwambia nguzo hii imesomesha mwalimu. Akasema pole, mama.

Milcah, mama Bramwel, alikuwa kibandani pake ng'ambo ya njia, anacheka chini chini. Nilimwona. Mtu wa bara huyu, amekaa hapa tangu watoto wetu wananyonya, na bado mandazi yake anayaita mahamri. Hayana iliki, hayana tui. Yeye naye ana nguzo, mbele ya kibanda, na kila mwaka analalamika inamzibia wateja, ihamishiwe kwangu. Kwangu!

Hapo nikapata wazo. Yeye yake haitaki. Mimi yangu naitaka. Ugomvi uko wapi? Adhuhuri alipokwenda kununua unga, nikaisugua X yangu kwa mafuta ya taa, ikatoka. Kisha nikachukua rangi iliyobaki ya geti nikampigia X yake. Kubwa, ionekane tangu barabarani. Brashi ilikuwa pana, mguu mmoja wa X ukarukia ukuta wa kibanda. Si neno. Amepata alichokuwa akikiomba miaka yote.

Alhamisi, 11 Disemba

Hili sikulifikiria. Milcah ameiona X na nguzo haikumjia akilini kabisa. Na nani Mombasa hii akiona X nyekundu atawaza nguzo? X ni kubomolewa! Nilipofungua mlango alikuwa juu ya stuli, anang'oa mabati ya kibanda chake mwenyewe, ayaokoe kabla tingatinga halijaja. Hakuwa akilia. Angelia ningepata nafuu.

Akaniuliza kama naweza kumwekea karai na meza. Nikamwambia alete vyote. Tukabeba pamoja, mimi mbele yeye nyuma, kama tulivyobeba kitanda chake siku aliyohamia, Bramwel mgongoni. Tukakaa sebuleni katikati ya mabati, akaukaanga unga uliokwisha umuka usije ukaharibika. Akakumbuka watoto wakigombania mwanga wa nguzo, huyu akimsukuma mwenzake gizani. Akakumbuka Lewa akiwapima wote wawili: Thoya upande wa kwangu, Bramwel upande wa barabara.

Upande wa barabara nilikuwa nimeusahau. Sasa Bramwel yuko Qatar, hupiga simu Jumapili, na mtandao ukikatika Milcah huendelea kuongea.

Nimekula mpaka nikashiba. Nikayaita mahamri.

Kisha akaitazama leso yangu. "Mama Thoya, hiyo nyekundu ni nini?"

Nikasema nyanya. Akasema ahaa.

Jumamosi, 13 Disemba

Anwar amerudi na watu wake. Alisimama mbele ya X niliyompigia Milcah akikuna kichwa. Kumbe wao hawafuati rangi, wanafuata namba iliyo kwenye kibati cha nguzo. Akauliza nani amechora ile nyingine. Nikasema siku hizi watu hawana adabu.

Yangu wakaing'oa. Ilipoanguka ikapasuka, ndani mchwa watupu. Alama za Thoya zikamwagika kama unga wa muhogo. Nikakaa pale pale mchangani. Mkono wa Lewa ulikuwa ndani ya alama zile, na kuku wanazichakura.

Milcah akaja akakaa kando yangu. Kisha akasema, polepole, "Nyanya yako inanuka rangi, Mama Thoya. Siku nyingine ukichora, chora ndogo."

Akanishika mkono akaniinua.

Jumatatu, 15 Disemba

Kibanda kimesimama tena. Mabati nimepigilia mimi mwenyewe, misumari miwili tu imepinda.

Nguzo ya zege iko langoni. Baridi, nyeupe, haimjui mtu. Hilo nimelirekebisha. Rangi ilikuwa imebaki kidogo chini ya mkebe, nikamchora Thoya upya, Krismasi kwa Krismasi, kwa kumbukumbu ya mama. Nimemwongeza kidogo, alikuwa mtoto mwenye afya. Bramwel nimemchora upande wa barabara, mfupi kidogo. Milcah ameangalia akasema wake ndiye aliyekuwa mrefu. Nikamwambia asibishane na zege.

Ile alama ya juu, ya mwaka Thoya aliofaulu, nataka wakwe waione tangu wanaposhuka garini. Kwa hivyo nimepiga X. Nyekundu. Kubwa!

Milcah atapika mahamri, iliki nimempa mimi. Anwar amesema lazima arudi kukagua nguzo mpya, nikamwambia basi aje siku ya wageni, ale kabisa. Wakwe, kwaya ya kanisani kwetu, mafundi, waje wote. Jumamosi, tarehe ishirini.