Nimewakatia Bima Wote

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi, ila kwa kofia nyingine. Ndugu Katibu wangu, mbeba mkoba na mbeba lawama. Waheshimiwa viongozi wa mitaa mliokalia viti vyenye mito, na waheshimiwa mliochelewa mkakosa mito. Mastekiholda wote wa sekta ya majanga, kinga na fidia. Baba zangu, mama zangu, kaka zangu, dada zangu, na nyinyi shemeji zangu mnaojificha safu ya nyuma mkidhani sijawaona: itifaki naomba izingatiwe kwa mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza kipaza sauti kilikuwa hakijawashwa. (Makofi ya wastani. Kiti cha plastiki kimevunjika mguu, mzee mmoja yuko chini. Kicheko.)

Pole, mzee wangu. Mnaona? Hiyo ndiyo ajali, na ndiyo iliyotukusanya katika ukumbi huu.

Kabla sijazama kwenye kina cha hotuba, tuamshane kidogo. Nikisema "Bima!", itikieni "Imekatwa!" Bima! (Umati: "Imekatwa!") Wengine naona mnatikisa vichwa tu. Bima! (Umati, kwa nguvu: "Imekatwa!") Sasa hapo nimesikia wananchi.

Leo tunaadhimisha mwaka mmoja tangu kuzinduliwa kwa Mpango Shirikishi, Jumuishi na Endelevu wa Bima ya Gari na Nyumba kwa Mwananchi wa Kawaida, ambao kwa kifupi tunauita MBIGANYU, jina ambalo kamati ililijadili kwa wiki nzima katika hoteli yenye bwawa la kuogelea ili kupata utulivu wa fikra. Mnaikumbuka siku ile. Mlisimama juani hapo nje, mbele ya mlango wa ofisi ya Mpango, nami nikasimama mbele ya utepe mwekundu nikatamka kwa sauti hii hii: "Kuanzia leo nimewakatia bima wote, magari yenu na nyumba zenu!" Kisha nikanyoosha mkono kupokea mkasi, na mkasi haukuwepo. Katibu alileta utepe, akaleta vigingi, akaleta maua na wapiga picha wawili, mkasi akausahau. (Kicheko. Katibu anaangalia viatu vyake.) Ndipo fundi wetu wa cherehani, huyu mnayemwita Mama Pindo kwa jinsi anavyojua kupinda suruali ukiwa umesimama mlangoni unamsubiri, akavuka barabara mbio kutoka dukani kwake na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akaniokoa na aibu. Mpigieni makofi! (Makofi makubwa. Mama Pindo yuko safu ya tatu. Hapungi mkono, hacheki.)

Sasa mafanikio. Kwa mujibu wa takwimu zilizoandaliwa na ofisi yangu, zikahakikiwa na ofisi yangu, kisha zikapongezwa na ofisi yangu, Mpango umewafikia wananchi kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Hiyo kumi na mbili ya ziada ni wale tuliowafikia wakiwa hawapo nyumbani. Uelewa wa bima umepanda kutoka chini kwenda juu. Tumefanya fizibiliti stadi, tukafanya stadi nyingine ya kuikagua ile stadi, tukafanya kapasiti bildingi kwa watumishi wote, yaani Katibu, na hivi ninavyosema tuna rodimapu ya kurasa nyingi, yenye rangi, ambayo mtu yeyote akiitazama anaona kabisa kwamba kuna mahali tunakwenda. (Makofi kutoka kwenye viti vyenye mito.)

Lakini sikuja hapa kujisifu tu. Nafasi ya kujisifu ipo kwenye ratiba, baadaye kidogo. Nimekuja kutoa elimu. Bima ya gari, ndugu zangu, iko ya aina mbili, bima kubwa na bima ndogo, na hapa watu wengi wanachanganya mambo mepesi. Mwenye gari kubwa akate bima kubwa, mwenye gari dogo akate bima ndogo. Basi. (Minong'ono. Dereva wa lori anacheka mpaka anakohoa.) Katibu ananivuta koti hapa. Ananinong'oneza kwamba eti bima ndogo humlipa yule uliyemgonga, wewe ukabaki na bodi lako lililobonyea, na bima kubwa ndiyo hukulipa na wewe mwenyewe, gari liwe kubwa au liwe dogo kama kibiriti. Asante, Katibu. Hayo ni maelezo ya kitaalamu. Ya kwangu yalikuwa ya kisera.

Tukija kwenye nyumba, bima ya nyumba hukatwa kabla nyumba haijaungua. Nasisitiza hapo, maana tabia yetu ni kukumbuka bima huku tumeshika ndoo. Pigeni picha vitu vyenu, friji, televisheni, kochi, hata kama kochi limechanika. Risiti mtunze, ila msizitunze ndani ya nyumba hiyo hiyo. Na mkiulizwa maswali na kampuni semeni kweli. Ukidai geti lako lina mlinzi, kumbe mlinzi mwenyewe ni mbwa aliyezeeka, siku ya kudai fidia watakuja kumhoji huyo mbwa. (Kicheko.) Zaidi ya yote, mtu akikwambia una bima, mwambie akuonyeshe mkataba, uusome mpaka yale maandishi madogo ya chini. Usikubali maneno matupu ya mtu yeyote, hata awe amevaa suti na ameshika kipaza sauti. (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anapunga mkono.) Nafurahi mada imeeleweka.

Mimi mwenyewe ni mfano wa kuigwa. Gari langu lina bima kubwa. Nyumba yangu ina bima ya moto, ya mafuriko, ya wizi na ya tetemeko, mpaka wale samaki wa mapambo pale sebuleni wana kinga yao. Nimekata kwenye kampuni binafsi, kwa hiari yangu, na si kwamba siuamini Mpango, la hasha. Nimefanya hivyo ili nisije nikajaza nafasi ya mwananchi wa kawaida. (Sauti kutoka nyuma: "Una huruma sana, shemeji!") Asante. Ndivyo nilivyolelewa.

Naona mkono umenyooshwa. Maswali ni mwishoni, mama yangu. Naona sasa umesimama kabisa. Ni Mama Pindo? Basi kwa heshima ya mkasi nitakuruhusu, lakini kwa ufupi, maana ratiba inabana.

(Mama Pindo: "Mheshimiwa, samahani kwa kukukatiza. Nyumba yangu imeungua, hilo unalijua, ulipita pale na gari lako ukapunguza mwendo. Vimeteketea vyumba vyote na duka la mbele, vyerehani, sare za watoto wa watu, kila kitu. Ukuta nao ukakiangukia kigari changu kikawa bapa kama chapati. Sasa mimi nilikuwa na bima yangu, ya nyumba na ya gari, naijua na namjua wakala. Ilipokaribia kuisha alinipigia simu niihuishe. Nikamwambia, wewe kaka usijisumbue, Mheshimiwa ameshatukatia. Nilimcheka kabisa! Leo nalala sebuleni kwa dada yangu, mimi na wanangu, tumetandika chini. Nataka neno moja tu, baba. Mimi nilikatiwa, au sikukatiwa?")

(Mheshimiwa anapangua karatasi za hotuba na kuzipanga upya.)

Swali zuri sana. Ni zuri kiasi kwamba ningependekeza tuliundie kamati. (Sauti nyingi: "Jibu!" "Neno moja, Mheshimiwa!") Najibu, najibu. Kwanza pole, dada yangu, na pole hii si ya juu juu, imepitia ngazi zote. Na siku ile nilipopunguza mwendo ilikuwa ni ishara ya masikitiko, ingawa sikatai kwamba barabarani pia palikuwa na mpira wa zimamoto.

Sasa turudi kwenye lugha, kwa sababu tatizo letu hapa si bima, ni lugha. Kiswahili chetu ni kipana. Tunakata tiketi. Tunakata rufaa. Tunakata kona, tunakata shauri, wengine humu ndani naona wameshaanza kukata tamaa. Mimi siku ile nilisema nimekata, na ni kweli nilikata. Picha zipo, zimetundikwa ukutani kwangu. Kilichokatwa mlikiona kwa macho yenu, kilikuwa chekundu, kikaanguka vipande viwili, mkashangilia. Neno "bima" nililitamka kama kaulimbiu. Nimesikia leo lawama nyingi, lakini siku ile hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza, Mheshimiwa, unakata nini? (Makelele. Mtu anapiga kelele: "Utepe!")

Naomba utulivu. Kuna maneno pia yanazunguka mitaani kwamba ofisi ya Mpango haijawahi kuwa na kitu ndani, kwamba mtu alichungulia dirishani akaona giza. Huo ni uzushi. Ofisi ile ilikuwa imejaa viti mpaka darini. Kama leo asubuhi mmeikuta tupu, ni kwa sababu viti vyenyewe tumevitoa, na mmevikalia. Kwa hiyo tunapozungumza, kila mmoja wenu, pamoja na yule mzee aliyeanguka, ameshikiliwa moja kwa moja na Mpango. (Watu wanaanza kusimama, mmoja mmoja, wakitazama walichokuwa wamekalia.) Kaeni. Jamani, kaeni, imebaki kidogo.

Dada yangu Mama Pindo, usikae kwanza, nina habari njema yako. Katibu, fungua kisanduku. (Katibu anafungua. Ni mkasi, umelazwa juu ya kitambaa cha mahameli.) Mnaujua? Ni mkasi wake! Tangu siku ya uzinduzi umekaa ofisini kwangu, ndani ya kabati la kioo, unafutwa vumbi kila Jumatatu. Sasa fikirieni nami taratibu. Duka limeungua. Vyerehani vimeungua, meza imeungua, vitambaa vimeungua. Mkasi huu je? Haukuungua! Na kwa nini haukuungua? Kwa sababu ulikuwa chini ya kinga ya Mpango! Ndugu wananchi, kwa unyenyekevu mkubwa natangaza kwamba hii ndiyo mali ya kwanza ya mwananchi wa kawaida kunusuriwa na MBIGANYU! Bima! (Umati: "Utepe!") Bima! (Umati: "Utepe!") Naona mmeiboresha kaulimbiu. Ndio ushirikishwaji huo.

(Mama Pindo: "Basi nipe, baba. Sikuulizi tena ya nyumba, nimeshajibiwa. Nipe mkasi wangu. Jirani ameniazima cherehani, kitambaa nimepewa, nakosa cha kukatia. Kesho nianze kazi, wanangu wapate kula.")

Ombi limepokelewa, na moyo wangu unasema nikupe. Utaratibu ndio unaonibana, na utaratibu hauna moyo. Hebu nimalizie kwa shukrani, humo humo na jibu lako litapatikana.

Nawashukuru wafadhili wa Mpango, popote watakapokuwa siku tutakapowapata. Naishukuru kampuni ya bima ambayo tungesaini nayo mkataba, kama mkataba ungeandikwa. Nawashukuru wathamini wa majanga, ambao nafasi zao zitatangazwa. Namshukuru Katibu kwa kupaka rangi mlango wa ofisi, kazi ambayo ndiyo utekelezaji wote tulioufanya. Na kwa namna ya pekee namshukuru Meneja wa Mpango, kwa kuwa mkasi huu sasa ni mali ya Mpango, na mali ya Mpango haitoki bila saini ya Meneja, naye Meneja hajaajiriwa, kwa sababu sheria hairuhusu kumwajiri meneja wa mpango ambao, baada ya kupekua kumbukumbu zetu zote, tumegundua kwamba haukuwahi kuwepo. (Kelele. Viti vinaanguka.) Lakini tusife moyo! Kutokuwepo si kushindwa! Kitu ambacho hakipo hakiungui, hakiibiwi, hakigongwi na gari, na nawauliza, ndugu zangu, hiyo si ndiyo kinga yenyewe? Bima oyee! Nyumba salama! Gari salama! Asanteni sana kwa kuniamini, na kwa heshima mliyonipa natamka rasmi kwamba kuanzia leo nimewakatia wote—

(Mama Pindo amepanda jukwaani. Amechukua mkasi wake kutoka kwenye mahameli, amejaribu makali kwa kidole gumba, amekata waya wa kipaza sauti. Ukumbi mzima umesimama na kupiga makofi. Midomo ya Mheshimiwa bado inacheza. Anasikia makofi, anainama kushukuru, anainama tena. Mama Pindo ameshatoka nje, ameupakata mkasi kifuani kama mtoto.)