Kikohozi cha Mzee Tuckett

Jumatatu, 7 Novemba 1955

Mistari miwili! Nimeusoma mchezo wa leo hadi mwisho, nikarudi mwanzo. Mzee Tuckett, mfuga nguruwe, yaani mimi, anasema mvua inakuja, kisha anamtakia Padri jioni njema. Basi. Padri mwenyewe, yaani Horace Pym, kapewa ukurasa mzima wa kuhubiri. Maisha yangu yote nimeigiza watumishi wa kufungua milango, polisi wanaofika mambo yameisha, na maiti. Sasa nina kazi ya kudumu, mchezo wa redio unaosikilizwa nchi nzima, na bado sisikiki. Kwa hiyo katikati ya mahubiri nikakohoa. Kikohozi kirefu, cha mfuga nguruwe. Pym akapoteza mstari. Nimekula chakula cha jioni kwa raha.

Alhamisi, 10 Novemba

Barua! Wasikilizaji wanauliza Tuckett ana nini. Mama mmoja wa Grimsby katuma mafuta ya bata bukini nijisugue kifuani. Bi Clegg, mwenye nyumba wangu, kayakaangia viazi. Vitamu mno. Pym alinikuta koridoni akaniambia mzee mwenzangu, hicho kikohozi kitakuzika. Kijicho tu. Naongeza.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimekohoa kwenye mahubiri, kwenye mnada wa ng'ombe, hata kwenye harusi. Bi Lathbury, msimamizi wetu, akaniita ofisini. Nikanyoosha tai. Akaniambia, wewe Bwana Spragg, mwandishi wa mchezo amekusikia vizuri sana, Jumatano ukurasa mzima ni wako. Nilimshukuru mpaka nikamkanyaga paka wake.

Nimeusoma kwenye basi. Kitanda. Daktari. Padri. Chini kabisa, Tuckett anakata roho. Eti wasikilizaji hawawezi tena kuamini kuwa ni mafua. Nimejipalia makaa mwenyewe. Nywele zimeshaniishia, nani atanipa kazi nyingine? Naogopa kweli.

Jumatano, 16 Novemba

Mpango: kupona. Mchezo unakwenda hewani moja kwa moja, neno likishatoka halirudi. Daktari aliponijulia hali nikaiacha karatasi, nikanguruma kuwa leo nimeamka mzima, niletewe soseji. Nyuma ya kioo cha studio Bi Lathbury kashika kichwa. Pym hata hakupepesa macho. Kwa sauti ya Padri akasema ndivyo wasemavyo wote saa ikikaribia, mwanangu, kisha akaanza sala ya wanaokufa.

Ningefanya nini? Nikafa. Lakini niseme kweli, alinishika mkono mpaka mwisho, na redioni hakuna anayeona mkono. Nililia, wala sikuwa naigiza.

Ijumaa, 18 Novemba

Mashada ya maua ya wasikilizaji yamejaa mapokezi ya studio. Bi Clegg kanipikia pai ya figo, kaniwekea mezani huku akijifuta macho, akasema maskini Tuckett, alikuwa mtu mwema kuliko wewe.

Halafu simu. Bi Lathbury. Kumbe Pym alikwenda kunisemea, akamwambia marehemu hakosi ndugu. Naanza Jumatatu: Seth Tuckett, baharia mstaafu! Sharti ni moja, nisome kilichoandikwa, nisiongeze hata pumzi. Nimeapa. Jioni Pym kaninunulia bia, akasema safari hii tulia, bwana wee, sala zimeniishia. Nilimkumbatia mbele ya baa nzima. Mtu wa watu yule. Sitamsumbua tena maishani.

Ila huyu Seth hana ladha. Nimemsoma chumbani kwa sauti, baharia gani huyu, anafanana na karani wa posta. Nikachukua mwiko wa Bi Clegg nikagonga sakafu. Ko. Ko. Ko. Mguu wa mti! Unasikika mpaka jikoni. Kikohozi huua, sawa, hilo nimelikubali. Mguu wa mti haujamuua mtu.

Jumatatu, Padri akishasema tuombe, Seth atavuka chumba.