Ng'ombe wa Boru na Futi Mia Tano

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Garsen yote tope. Bi Ruwaida, mwenye ndege yetu, kasema Ijumaa atachagua rubani mkuu: mimi au Kaviha. Kaviha! Anayekagua ndege kwa kusoma orodha kwa sauti, kama mtoto wa chuoni!

Mimi nina akili zaidi. Mzee Boru kapotelewa na ng'ombe kumi na wawili mafurikoni. Nitawatafuta nikipeleka unga wa msaada. Atanipa mtamba, na sifa zangu zitamfikia Bi Ruwaida.

Jumanne, 7 Mei

Mawingu mazito. Radioni nikasomewa kipimo cha hewa ili nirekebishe altimita, ile saa ya kuonyesha tuko juu kiasi gani. Papo hapo Boru akanitumia picha ya alama ya moto ya ng'ombe wake. Nikazungusha kitufe huku naitazama picha. Alama nzuri sana.

Karibu na kijiji cha Hewani nikashuka chini ya mawingu. Altimita ikasema futi mia tano. Nikawaona! Ajabu, niliona hadi kupe. Kumbe ni futi mia mbili! Ng'ombe wakatimka, mikia juu, hadi ndani ya mahindi ya mkulima Komora. Nami nusura nibebe kilele cha mwembe. Niliogopa vibaya. Simwambii mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Kila mtu anajua. Wazee wa wakulima na wa wafugaji wamefanya kikao. Miaka yote wanabishana malka, njia ya mifugo kwenda mtoni, ipite wapi. Leo wamekubaliana kabla chai haijapoa: kosa ni la rubani. Nipande upya mahindi ya Komora, kwa jembe! Boru naye akasema mtamba hakuna, ng'ombe wamegoma kutoa maziwa kwa hofu.

Nikajitetea kwamba altimita ilidanganya. Mzee mmoja akauliza ni nani aliyeifundisha. Wakacheka wote. Niliona haya.

Ijumaa, 10 Mei

Kaviha ndiye rubani mkuu. Mimi msaidizi, kazi yangu kumsomea kimo. Bi Ruwaida asema mchawi mpe mwana alee. Dhuluma tupu!

Jumapili, 12 Mei

Mawingu tena. Nimejirekebisha: simu nimeitoa mlio. Tukiwa angani ikatetemeka. Tuneya, mfugaji wa kijiji cha Nanighi, kapotelewa na mbuzi, anaahidi beberu. Kaviha akauliza kimo. Nikamjibu futi elfu moja, macho dirishani nikitafuta mbuzi. Mara akapiga ukelele, akavuta usukani, matawi yakakwaruza tumbo la ndege.

Akafoka, akitaka kujua nilikuwa natazama nini. Sikumwambia. Akijua, atataka mguu wa beberu.