Breka Kubwa na Moshi wa Udi

Jumatatu, 16 Juni
Umeme umekata mara tatu leo. Ile breka ya kwenye korido inajikata yenyewe, ta! Bi Khulud, mwenye nyumba, kaita wapangaji wote. Kasema kuna mtu anapikia jiko la umeme chumbani. Akimjua, godoro lake litalala barabarani. Nimeshtuka kuliko wote! Nimeuliza kwa uchungu ni nani mwenye roho mbaya hivyo. Kisha nikarudi chumbani kuyaongezea maji maharage yangu.

Jumanne, 17 Juni
Nimemsingizia jirani yangu Nusaiba na pasi yake. Kanijibu mbele za watu: braza Jabiri, mie nguo napeleka kwa dobi, shati lako hilo ndilo halijawahi kuiona pasi. Wamecheka. Hata Bi Khulud! Lakini harufu ya maharage hajaishtukia, naiua kwa udi. Kanisifu: Tabata nzima, kijana aliyefunzwa kwao ni huyu.

Jumatano, 18 Juni
Nimemjua adui. Ni breka! Imeandikwa ampea ishirini. Dukani nimepata ya sitini na tatu. Kubwa zaidi, basi ina subira zaidi. Muuzaji kaniuliza waya wa nyumba una unene gani. Nikamwambia waya ni waya. Kaniangalia kama ananiaga. Nimeifunga wenzangu wakiwa kazini.

Alhamisi, 19 Juni
Maharage, chai na maji ya kuoga mfululizo. Breka kimya! Bi Khulud kapigwa na butwaa. Nimemwambia nilisoma dua. Daniel, mpangaji mwenzetu, fundi umeme mwenye cheti, kalichungulia boksi la breka, kasema waya huu mwembamba utaungua kabla breka haijajikata, huu wazimu ataung'oa kesho. Wivu tu.

Ijumaa, 20 Juni
Nimeongeza jiko la pili. Pilau huku, nyama kule. Moshi ukajaa korido. Hakuna aliyekimbia! Bi Khulud kakaa kwenye mkeka anavuta pumzi: leo Jabiri udi kauzidisha, mashaallah. Daniel ndiye aliyepiga kelele: bibi, tangu lini udi ukanuka plastiki? Kazima mein swichi. Waya umeungua wote, umeacha mstari mweusi ukutani. Umetoka kwenye boksi, ukapita mlango wa Nusaiba, ukapita wa Daniel, ukakata kona, ukaingia kwangu. Watu wote wakaufuata kwa macho mpaka kwenye sufuria. Nimeduwaa! Nikauliza nani kaniwekea majiko haya. Nusaiba: huyohuyo aliyekushikisha mwiko.

Jumatatu, 23 Juni
Nipo Madale. Bi Khulud ni mtu wa ahadi, godoro lilinitangulia barabarani. Mwenye nyumba mpya, mzee Thuwaini, kanipokea kwa malalamiko: breka yake inajikata ovyo, anahisi kuna mpangaji mwenye jiko la umeme. Nimeshtuka! Watu wengine hawana haya kabisa.

Nimemwambia asihangaike. Ile ya sitini na tatu Daniel aliitupa jalalani, nikaiokota. Haina hata mkwaruzo. Kumbe mbovu ulikuwa waya!