Kichwa ya Nyumba Anakula Mukia

Lubunga, ng'ambo ya Kisangani
Juni 1956

Kwa Shemeji Augustin, infirmier, muuguzi wa kupima watoto

Shemeji muheshimiwa,

Nakusalimia kwa adabu yote, ijapokuwa tumbo yangu inanguruma nikiandika. Mimi Timothée, bwana ya dada yako Odile, nakuletea mashitaki. Alhamisi ile alipopeleka mutoto wetu Clémence kwa mizani, ulimwambia kwamba mutoto amekonda, miguu imevimba, nywele zinageuka nyekundu, na dawa yake iko ndani ya sahani yangu. Tangu hapo nyumba imepinduka.

1. Samaki. Tangu mababu, kichwa ya samaki ni ya kichwa ya nyumba. Mama anakula mukia, mutoto anapata muchuzi juu ya majani ya sombe. Sheria hii sikuitunga mimi, niliikuta tu, nikaipenda. Sasa kichwa na tumbo vinakwenda kwa mutu wa miaka miwili, na mukia ni yangu. Wanasema mukubwa ni jalala. Kweli, lakini hata jalala hutupiwa kichwa ya samaki.

2. Mayayi. Kila mutu anajua mutoto akikula yayi atakuwa mwizi. Ulicheka. Bon. Clémence amekula matatu, na juzi nimemukamata mukono ndani ya sahani yangu. Unataka ushahidi gani tena?

3. Miba. Uliagiza papa ya mutoto mwenyewe atoe miba na amulishe kwa mukono wake. René, jirani yangu, alipita akanikuta na Clémence magotini, ninapuliza tonge. Sasa kule kwa mitumbwi wananiita Mama Timothée. Nilitaka kumufuata René nimufundishe heshima, lakini mutoto alikuwa amesinzia.

4. Hii si mashitaki, sijui kwa nini nimeipa namba. Naogopa, shemeji. Mutoto wa kaka yangu alianza vilevile, na miguu. Kila asubuhi mbele ya kwenda shamba nabonyeza miguu ya Clémence kwa kidole, naangalia kama shimo inabaki. Inabaki.

Donc, naomba kwa heshima umupime tena, useme amenona, nirudishiwe kichwa yangu. Kama haiwezekani, nipime mimi pia ndani ya beseni yako inayoning'inia kwa mizani. Kamba ikikatika, isiwe kosa yangu.

Salamu kwa mama mukwe, kwa muke wako Élise na watoto wote, hata kwa mbwa wenu, anayekula vizuri kunishinda.

Wako katika heshima na njaa,

Timothée, zamani kichwa ya nyumba

P.S. Nilikuwa nakunja barua. Clémence, aliyekaa tu kwa mukeka tangu wakati wa mvua, amesimama mwenyewe, akashika goti yangu, akatoa jicho ya samaki ndani ya sahani yake, akaniwekea kinywani. Mwizi gani anafanya vile? Namba moja mpaka tatu, uzifute. Ya ine, ile ya miguu, uiache mpaka Alhamisi. Namuleta mimi mwenyewe.