Bustani Chini ya Balbu ya Manjano

Jumatatu, 4 Machi
Mzee anayewaeleza wageni picha za jumba letu la sanaa anastaafu. Nafasi ni yangu! Miaka tisa nimelinda ukumbi wa pili, nimekaa mbele ya ile picha ya bustani. Naijua kuliko sura ya mke wangu. (Asisome hapa.) Mpinzani ni mmoja tu: dada wa tiketi. Mkurugenzi atatusikiliza sote wawili Ijumaa, mbele ya wageni.

Jumanne, 5 Machi
Dada wa tiketi anadai picha ni ya asubuhi. Eti vivuli vya buluu, umande, moyo mweupe. Asubuhi! Ni jioni, na mtu kaachwa. Kile kiti kitupu kwenye waridi ni cha nini? Nikamwuliza mke wangu. Akasema ukiikaribia ni madoa matupu, ukirudi nyuma ni bustani, na sabuni imekwisha.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata akili. Nimepanda ngazi, nikatoa balbu nyeupe inayomulika picha, nikaweka ya manjano kutoka stoo. Lo! Buluu imekufa. Nyasi zimeungua. Bustani nzima ina msiba. Nililia mwenyewe, nusura nianguke.

Ijumaa, 8 Machi
Nilitangulia mimi. Nikaeleza jua linavyozama, mpenzi asiyerudi. Bibi mmoja mwenye kofia akaanza kujifuta macho. Ushindi! Nikamwomba awaambie wenzake anachohisi.

Akasema mchoraji alikuwa mumewe, Mungu amrehemu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, wiki moja baada ya harusi. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Aliinuka kufuata chai, kurudi akakuta bwana keshamaliza kiti bila yeye. Walicheka mpaka chai ikapoa. Sasa analia kwa sababu picha imeharibika.

Mkurugenzi akatazama juu. Kisha akanitazama mimi.

Dada wa tiketi alirudisha balbu nyeupe mwenyewe. Umande ukarudi. Bibi akapiga makofi: ndiyo hii, ndiyo asubuhi yangu! Hata mimi nilitabasamu. Kidogo.

Jumatatu, 11 Machi
Nafasi kapewa dada wa tiketi. Nimehamishiwa ukumbi wa nne, mbele ya picha ya machungwa. Mkurugenzi anasema ni machungwa tu, nisiyaguse wala nisiyaeleze. Machungwa tu! La kushoto limejitenga kabisa, lina kinyongo. Watu hawaoni kwa sababu dirisha linaleta mwanga mwingi mno.

Kesho naja na pazia.