Mtaalamu wa Sabuni Kutoka Nje

Faili alipata kazi ya ushauri wa biashara kwa fundi viatu. Fundi alikuwa amemfungia viatu vyake kwa gazeti la wiki iliyopita, na Faili, ambaye hakuwahi kuacha karatasi impite bila kuichungulia, akasoma tangazo lililozunguka kisigino cha kushoto. Kiwanda cha sabuni katika nchi ya jirani kilitaka mshauri wa wiki tatu, nauli na malazi juu ya kiwanda. Sifa iliyotakiwa ilikuwa moja tu: mshauri awe ametoka nje ya nchi.

"Mimi ni mtu wa nje kabisa," Faili akamwambia fundi. "Ukinitazama kutoka kule."

Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya faili la kijani alilolibana kwapani mwaka mzima. Alikwisha gundua kwamba mtu mwenye faili haulizwi anakwenda wapi. Ndani mlikuwa na karatasi nyeupe na kitana.

Mwenye kiwanda alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa bosi wa sauti kubwa na subira ndogo, na imani yake ilikuwa kwamba akili husafiri kwa ndege.

"Umekuja kwa ndege?"

"Nilikaa dirishani, bosi."

"Basi! Sasa sikiliza. Sabuni zangu zinafika sokoni zina nyufa. Mimi nasema ni uzembe wa wapakiaji. Nataka kuwafukuza kumi na wawili, lakini nataka liwe neno la mtaalamu, si langu."

"Kumi na wawili?" Faili alikunja uso kama mtu anayepiga hesabu nzito. "Mimi kwa kuchungulia tu nimeona hata kumi na wanne."

Bosi akacheka meno yote nje, akaahidi bahasha nono siku ya kuondoka, Ijumaa ya wiki ya tatu. Tangu hapo Faili alikuwa na shabaha moja maishani: kuifikia Ijumaa hiyo, kupokea bahasha, na kupanda ndege bila kuinua kitu kizito kuliko kalamu.

Alifanya kazi kwa bidii, tusimnyime haki yake. Kila asubuhi alizunguka kiwandani na futi ya kupimia. Alipima mlango. Alipima meza. Siku moja alimpima mlinzi, akatikisa kichwa kwa masikitiko na kwenda zake, na mlinzi hakula mchana ule. Kisha alijifungia ofisini na kuandika katika daftari lake.

Aliyelifungua daftari hilo alikuwa Shangazi, katibu muhtasi wa kiwanda, ambaye hata bosi alimwita hivyo. Alikuwa akifuta meza. Alikuta kurasa tisa za bata waliovaa tai.

Shangazi hakupiga kelele. Alikaa kitini akafikiri, na moyo ukamwuma, kwa sababu mmoja wa wale wapakiaji kumi na wawili alikuwa wifi yake, mjane mwenye watoto wanne. Isitoshe, yeye aliujua ugonjwa wa sabuni miaka mingi. Zilikaa kwenye rafu za kukaushia siku nne tu, tena chini ya dirisha lenye jua kali, zikafungwa mbichi, zikapasukia ndani ya masanduku. Mara tatu alimwambia bosi. Mara tatu bosi alimjibu, "Shangazi, wewe hayo umeyasomea wapi?"

Faili aliporudi, alimkuta akitabasamu.

"Mwanangu, wataalamu wote nawachapia ripoti mimi. Wewe nipe mawazo tu."

"Ee, Shangazi, umeniokoa! Andika kwamba pawe na mwelekeo."

"Mwelekeo upi?"

"Wa mbele."

"Umeandikwa, mwanangu. Nenda kapumzike."

Sasa, bosi huyo hakusoma ripoti. Alisomewa. Ulikuwa utaratibu wa kiwanda: mtaalamu husimama bwaloni na kusoma mbele ya wafanyakazi wote, na pendekezo likishasomwa, limepita. Faili naye hakuwahi kusoma alichoandikiwa kabla ya kukitoa. Aliona ni kumkosea adabu mwandishi.

Ijumaa asubuhi alisimama bwaloni, tiketi mfukoni, sanduku mlangoni, teksi ikingoja nje. Kila mfanyakazi alikuwa na nakala mkononi. Shangazi alisema ni ili wafuatilie.

"Pendekezo la kwanza," Faili akaanza kwa sauti ya redio. "Sabuni zikae kwenye rafu siku kumi, mbali na dirisha." Bosi akaitikia kwa kichwa. "La pili. Asifukuzwe... asifukuzwe mpakiaji hata mmoja, kwa kuwa nyufa..." Akafunua ukurasa haraka. "La tano—"

"Umeruka, mtaalamu!" Wifi yake Shangazi alikuwa amesimama, kidole juu ya karatasi. "La tatu na la nne bado!"

Akarudi, akasoma. Kila alipoteleza walimsahihisha kwa heshima zote. Hatimaye akafika la mwisho.

"La tisa. Mshauri mwenyewe, kwa kuwa anauamini ushauri wake, ataahirisha safari na... na kubeba sabuni hadi rafuni pamoja na wafanyakazi mwezi mzima. Bahasha yake..." Akaipapasa tiketi mfukoni. "Bahasha yake atapewa siku sabuni itakapofika sokoni bila ufa."

Bwalo zima likapiga makofi. Bosi alimkumbatia, macho yamelowa.

"Wataalamu wote hunipa maneno wakakimbia. Wewe ndiye mwanamume! Mwambieni dereva aende!"

Teksi ikaondoka. Faili akavalishwa ovaroli na mabuti ya mpira, na faili la kijani likawekwa kabatini kwa Shangazi, naye akalifungia humo.

Wiki ya kwanza mgongo ulimlilia. Wiki ya pili alianza kuijua sabuni mbichi kwa kuigusa. Wiki ya tatu wapakiaji walimtengea nafasi mezani kwao, na kumbe alicheka zaidi pale kuliko alivyowahi kucheka akiwa na tai. Siku moja aligundua jambo kweli kweli: rafu za chini zilichelewa kukauka kwa sababu ya unyevu wa sakafu. Zikiinuliwa kwa matofali mawili, kazi imekwisha. Akatoka mbio kifua mbele, akamkuta bosi uani.

"Bosi! Rafu za chini tuziinue kidogo. Unyevu unapanda kutoka sakafuni!"

Bosi alimtazama mabuti, akamtazama ovaroli, akacheka kwa upole.

"Kijana wangu, wewe hayo umeyasomea wapi?"

Dirishani, Shangazi aliacha kuchapa. Aliegemea kiti, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Alikuwa anamalizia tangazo la gazeti: kiwanda cha sabuni kinatafuta mshauri kutoka nje.